Daftari limo ndani ya kompyuta, tujifunze kulitafuta

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi vyama vingi vya msingi na maduka yetu vimehamishia daftari kwenye kompyuta. Ni hatua nzuri. Lakini daftari la kompyuta nalo hupotea, na anayeumia ni mkulima.

Msimu uliopita jirani yangu alikatwa fedha za pembejeo alizokwisha kuzilipa. Stakabadhi yake ilikuwa imeharibiwa na mvua. Alipokwenda chamani kuomba kumbukumbu, katibu alifungua folda, ndani yake akakuta folda nyingine, na ndani ya hiyo nyingine tena, hadi akachoka. Akamwambia, "Mzee wangu, hiyo haipo."

Kesho yake niliongozana naye, nikamwomba katibu anipishe kidogo. Nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, nikaandika cmd, kisha nikabonyeza Enter. Likafunguka dirisha jeusi. Humo nikaandika mstari mmoja tu:

dir C:\Users\*pembejeo* /s /b

Maana yake si ngumu. Neno dir ni kuomba orodha. Nyota mbili zinasema jina lianze na liishe vyovyote, mradi ndani yake kuna neno pembejeo. Alama /s inaiagiza kompyuta iingie katika kila folda iliyomo ndani ya nyingine. Alama /b inaitaka ionyeshe njia nzima ya kulifikia faili, bila maelezo mengine. Muda si mrefu faili likaonekana, limejificha ndani ya folda ya tano. Malipo ya mzee yalikuwamo.

Wapo watakaosema dirisha jeusi ni la mafundi, na kwamba mtu akikosea atafuta kila kitu. Si kweli kwa amri hii. Kazi yake ni kusoma na kuorodhesha. Haifuti wala haibadilishi faili. Lipo pia sanduku la kutafutia lenye picha, nalo ni zuri, lakini mara nyingi hutegemea orodha ambayo kompyuta imejitengenezea, na si kila folda imo. Kama kumbukumbu ziko kwenye flashi, badala ya C:\Users andika herufi ya flashi hiyo, kwa mfano E:\ na kuendelea.

Ila tusidanganyane. Amri hii hutafuta jina la faili, si maandishi yaliyomo ndani. Faili lililoitwa "kazi mpya" halitapatikana kwa neno pembejeo. Kwa hiyo tuyape mafaili majina yanayoeleweka, kama vile 2024-11-pembejeo-kahawa.

Kwa maoni yangu, wanachama tudai jambo moja zaidi. Kila uongozi unapokabidhi ofisi, itolewe orodha ya mafaili yote, ichapishwe na kusainiwa na pande zote mbili. Kama kumbukumbu za chama ziko kwenye diski ya D, mstari wake ni huu:

dir D:\ /s /b > orodha.txt

Hapo hakuna kiongozi mpya atakayesema hakukuta kitu, wala wa zamani atakayesema alikiacha.

Wafanyabiashara wadogo nao wasijione hawahusiki. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Afisa akija kuuliza mauzo ya miaka mitatu iliyopita, hatapokea jibu kwamba faili liko humo humo ila halionekani.

Kujifunza mstari mmoja hakuhitaji cheti wala ada. Makatibu na wenye maduka, jaribuni leo kabla mkulima hajaja mlangoni na madai yake. Kumbukumbu isiyopatikana haina tofauti na kumbukumbu isiyokuwapo.