UKURASA WA UFUNDI: Pindo la zulia la gari

Mwezi huu tuzungumze juu ya zulia la gari, lile wengi wetu tunaita tapi. Wewe mwenye mashine ya kushona, soma vizuri, hapa kuna kazi.

Ukifika Gatsata, pale Kigali penye magereji na vipuri, utaona magari mengi yamekuja nchini yakiwa yametumika. Zulia likichakaa, mwenye gari anataka jipya la kipimo chake. Kukata si tabu: laza lile kuukuu juu ya karatasi ngumu, chora, kata. Tabu iko ukingoni. Zulia lililokatwa likiachwa hivyo hivyo, nyuzi zinafumuka na ukingo unajikunja.

Dawa yake ni utepe mgumu wa nailoni.

1. Tia sindano nene, namba 18, na uzi wa nailoni. Sindano ya kushonea shati itavunjika.
2. Refusha mshono, kama milimita 4 au 5. Mshono mfupi unatoboatoboa zulia mpaka linachanika.
3. Anza upande ulionyooka, usianze kwenye kona. Kunja utepe ushike juu na chini.
4. Kona zikate kwa mviringo kidogo, ushone polepole. Utepe usiuvute, zulia litajikunja kama chapati.
5. Mwisho pandisha utepe juu ya mwanzo wake sentimita 2, kisha funga mshono.

Sasa zulia la dereva, hapo hakuna mchezo. Agosti 2009, karibu na San Diego, Marekani, watu 4 walikufa ndani ya gari moja la Lexus. Wachunguzi walikuta zulia la mpira la gari la aina nyingine lilikuwa limenasa pedali ya mafuta. Septemba hiyo hiyo Toyota ikatangaza kurudisha magari kama milioni 3.8 kwa sababu ya mazulia. Kwa hiyo ukingo usifike kwenye pedali, matundu ya kulabu uyatoboe pale pale yalipokuwa, na usilaze zulia jipya juu ya kuukuu. Kabla ya kumpa mtu gari lake, kanyaga pedali zote mpaka chini, uone kama zinarudi zenyewe.

Kijana anayeshona sare za shule anaweza kuanza na kipande cha zulia kuukuu. Kona nne zikikaa vizuri, basi, fundi amepatikana!

Tukutane mwezi ujao.

Mwalimu wenu wa kujitolea