Kanda za Arusi na Macho ya Wapita Njia

Katika miaka ya 1980 na 1990, kamera ya video ilipoanza kuingia katika arusi zetu za Mombasa, Lamu na Malindi, kina mama waliikubali kwa sharti. Walivua mabuibui, wakajifukiza udi, wakacheza vugo na chakacha mbele ya kamera ile kwa ahadi kwamba kanda itakaa kabatini, na itakapotazamwa itatazamwa na wanawake wenzao, milango imefungwa. Ahadi hiyo haikuandikwa popote, lakini ilijulikana.

Leo kanda hizo zinafunguliwa tena, na aghalabu hazifunguliwi nyumbani. Deki za kuzichezea zimekwisha. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Basi Mpwani anayeishi Nairobi, akirudi kutoka likizoni na kanda ya arusi ya mamake ndani ya mkoba, huipeleka kwa mafundi wa Kibera au Kawangware. Huko, katika vibanda vya Makina na vya karibu na kituo cha 46, ambako watu hujaziwa filamu katika flashi na kuchajiwa simu, hukosi kijana mwenye deki kuukuu aliyeiunganisha na kompyuta. Ataigeuza kanda kuwa faili kwa bei ya kuzungumzika.

Yafaa msomaji aelewe namna kazi hii inavyokwenda. Kanda haihamishwi kwa mkupuo kama maji yamiminwayo mtungini. Lazima ichezwe mwanzo hadi mwisho huku kompyuta ikirekodi. Kanda ya saa 3 itachukua saa 3 kamili. Na muda wote huo picha iko kwenye kioo.

Hapo ndipo tulipo na neno. Hivi karibuni tuliingia katika kibanda kimoja Kawangware kununua waya wa simu. Kwenye kioo kilichoelekea mlangoni palikuwa na arusi ya Kiswahili: bibi arusi ameketi, hina imempanda hadi viwikoni, na kina mama wanacheza vichwa wazi. Waliokuwa wakitazama ni fundi, mteja aliyekuja kutafuta filamu, na wavulana watatu waliosimama barabarani. Tulipomwuliza fundi kama mwenye kanda anajua, alishangaa.

"Mzee, si ni arusi tu? Mimi naangalia isikwame."

Tulimweleza. Alizima kioo papo hapo, na kompyuta ikaendelea kurekodi kama kawaida. Akatuambia kuwa hakuna mteja aliyewahi kumwomba jambo hilo.

Kwa hivyo lawama hatumtupii kijana yule. Asiyezijua mila za watu atajuaje kwamba wanawake wale si wa kutazamwa na kila mtu? Lawama ni ya sisi tunaoiacha amana juu ya meza ya fundi, tukaenda sokoni Toi kupunguza muda. Mwenye kanda angekaa hapo, akahakikisha dakika za mwanzo zimetoka vizuri, kisha akaomba kioo kizimwe. Ni jambo dogo mno.

Kazi ikisha, mambo hayajesha. Nakala imebaki katika kompyuta ya fundi. Jamaa walioko Muscat nao wanataka kuona, basi faili inapandishwa Google Drive. Shangazi anajaribu kuifungua inamkatalia, na fundi, ili apumzike na simu zake, anachagua ifunguke kwa yeyote mwenye kiungo. Kuanzia hapo arusi haina mlango tena. Kanda ilipoazimwa ulimjua aliyeiazima na ukamfuata. Kiungo hutumwa kutoka simu hii hadi ile, na mwenyewe hana habari. Afadhali kutaja anwani za wale tu wanaoruhusiwa, ijapokuwa inachosha. Na fundi afute nakala yake mbele ya macho yako, pamoja na ile iliyo ndani ya kapu la taka, kwani Google Drive huihifadhi humo siku 30. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, lakini kwenda kwa wakili wakati picha imeshasambaa ni kuchelewa.

Kuna jamaa zetu waliochoka na haya yote, wanaosema kanda hizo zichomwe moto yaishe. Hatukubaliani nao. Ndani ya kanda hizo mna sauti za mabibi waliokwisha kutangulia mbele ya haki, na mna mapigo ya vugo ambayo wasichana wa leo hawayajui. Wanubi wa Makina, Waislamu wenzetu walioishi Kibera tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wana ngoma yao ya doluka, nao wana kanda zao. Kuchoma ni kuzika mara ya pili. Zaidi ya hayo, hewa ya chumvi na joto la pwani haingoji: kanda nyingi zina kuvu nyeupe pembezoni, na kanda ya namna hiyo huchafua vichwa vya deki isiposafishwa kwanza.

Ukienda, basi, iombe faili kubwa, usiridhike na ile ndogo ya kutazamia simuni. Kubwa hutoa ndogo wakati wowote, lakini ndogo hairudi kuwa kubwa, na uso wa bibi yako utabaki ukungu milele.

Na kwa nini kazi hii ifanywe na wanaume peke yao? Mabinti waliojifunza kompyuta wako Kibera na Kawangware, wengine hawana kazi. Jumuiya ya kina mama ikichanga ikanunua deki moja ingali nzima, ikaiweka katika chumba chenye pazia, binti mmoja angeweza kuzigeuza kanda za mtaa mzima. Deki kuukuu bado zaonekana huko Gikomba, ila kila mwezi zinapungua.