Moshi wa Karakana za Mbao ni Mali Inayoteketea

Apitaye jioni katika mitaa ya mafundi seremala, iwe Unguja au Pemba, hahitaji kuonyeshwa njia. Pua yake itamwongoza. Mashine zikishazimwa, mwanagenzi hufagia maranda na unga wa mbao, akavirundika nje na kuvitia moto. Moto huo hauwaki sawasawa. Hufuka tu mpaka usiku wa manane. Jirani hufunga madirisha yake, na mama mwenye mtoto anayeugua pumu hukesha akimpepea. Kukicha, malalamiko hufikishwa kwa sheha, na fundi huitwa kujibu.

Ugomvi wa namna hii tumeusikia mara nyingi, nao huishia pale pale kila mara. Jirani ataka karakana ihamishwe. Fundi auliza watoto wake watakula nini. Sheha humwomba kila mmoja astahamili. Sisi tunaona kuwa wote wawili wana haki, lakini wote wawili wanagombea tawi na kulisahau shina. Moshi ule si uchafu peke yake. Ni nguvu iliyokwisha lipiwa, kisha ikatupwa hewani. Penye moshi mwingi katika kazi ya mbao, aghalabu pana upotevu mwingi. Na mwenye kuuondoa upotevu huo atakuwa ameuondoa moshi pia. Hiyo ndiyo hoja yetu ya leo, nayo tunaielekeza kwa mafundi na kwa wakuu wa Serikali kwa pamoja.

Hapana watu wanaopaswa kuijua thamani ya nishati kuliko sisi wakaazi wa visiwa. Sehemu kubwa ya umeme wetu hupita chini ya bahari. Waya wa kwanza kuja Unguja kutoka Bara ulitandikwa mwaka 1980, wenye uwezo wa megawati 45. Wa pili, wa megawati 100, ulikamilika mwaka 2013. Pemba ilikuwa ikitegemea injini za dizeli mpaka mwaka 2010, ulipofika waya wa megawati 20 kutoka Tanga. Wala hatujasahau yaliyotupata hapo katikati. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa gizani tena kwa muda wa miezi mitatu. Wenye uwezo walinguruma na jenereta zao. Wasio na uwezo walifunga milango. Taifa lililoonja hayo halina haki ya kuuchezea umeme, wala kuchoma kuni zake barabarani bila ya faida.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni maji yaliyomo ndani ya mbao. Katika kiwanda cha mbao chenye tanuri la kukaushia, kazi inayokula nishati kuliko zote si kupasua wala kupiga randa, bali ni kukausha. Tuchukue mfano wa hesabu. Meta moja ya ujazo ya msonobari, yenye kilo 450 za mti mkavu, ikiwa mbichi na maji yake ni asilimia 80 ya uzito huo, ina kilo 360 za maji. Ili mbao hizo zifae kwa samani, maji hayana budi kushuka hadi asilimia 12, yaani kilo 54. Kwa hiyo kilo 306 za maji lazima zigeuzwe mvuke. Kazi hiyo, ikifanywa kwa umeme peke yake, itahitaji uniti 190 hivi, kabla ya kuhesabu joto linalotoroka kwa kuta na milango ya tanuri.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu. Mbao hizo hizo zikipangwa juu ya magogo, zisiguse ardhi, kila safu ikatenganishwa na nyingine kwa vijiti vya unene sawa, na juu yake pakawa na paa lizuialo mvua na jua kali, basi upepo wenyewe utazishusha hadi asilimia 20 bila ya kutoza senti moja. Hapo kilo 270 kati ya zile 306 zitakuwa zimekwenda. Karibu sehemu tisa katika kumi ya kazi itakuwa imefanywa na kaskazi au kusi, na tanuri litabakiwa na sehemu moja tu. Ni kweli kwamba hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na mbao zilizoanikwa tu hazishuki sana chini ya asilimia 15. Kwa mlango wa nyumba ya kawaida, hiyo yatosha. Kwa kabati litakalowekwa katika hoteli yenye mashine za kupoza hewa, haitoshi, litapasuka. Lakini hata hapo, banda la kukaushia kwa jua, lenye paa lipitishalo mwanga, mabati yaliyopakwa rangi nyeusi na feni ndogo, laweza kuimaliza kazi iliyobaki.

Mbao nyingi tunazotumia hutoka Bara kwa majahazi na meli. Zikiletwa mbichi, hulipiwa nauli ya maji. Zikitengenezwa samani zingali mbichi, samani hizo hujikunja, hurudishwa, na hutengenezwa upya. Na kila kinachotengenezwa mara mbili kimekula umeme mara mbili na mti mara mbili. Huo ndio upotevu usiotoa moshi machoni petu, lakini gharama yake ni ile ile.

Upotevu wa pili umo katika msumeno wenyewe. Msumeno wa duara hula milimita nne hadi tano katika kila mpasuo. Msumeno wa mkanda hula mbili hivi. Katika mipasuo kumi tofauti yake hufika milimita 20 hadi 30, nao ndio unene wa ubao mmoja wa inchi. Ubao huo mzima umegeuka unga, na umeme umetumika kuusaga. Msumeno usionolewa huongeza hasara hiyo, kwani mota hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, mbao huungua kingo, na vumbi huzidi. Hali kadhalika mota inayoachwa ikizunguka wakati fundi anakunywa kahawa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni karakana ngapi zinazoandika uniti zilizotumika kwa wiki, na idadi ya milango au vitanda vilivyotoka kwa uniti hizo? Asiyeandika hawezi kujua kama anapata au anakula mtaji wake.

Tuje sasa kwenye moshi. Kuni zilizokauka kabisa hutoa megajuli 19 hivi kwa kila kilo. Kuni ambazo nusu ya uzito wake ni maji hutoa nane tu au karibu yake, kwa kuwa mti wenyewe ni nusu, na sehemu ya moto wake hutumika kuyachemsha maji yake wenyewe. Moto wa namna hiyo hauwi mkali. Gesi zinazotoka katika mti haziungui zote, hupaa zikiwa moshi mzito, masizi na hewa ya sumu. Rundo la unga wa mbao lina kosa jingine tena: limeshikana mno, hewa haipenyi ndani yake. Kwa hiyo mtu anayetaka kuondoa moshi hana haja ya kuanza na dohani ndefu. Dohani ndefu humwondolea moshi aliye karibu na kumpelekea aliye mbali. Aanze kwa kukausha taka zake chini ya paa, kisha azichome mahali penye hewa ya kutosha na penye kazi ya kufanywa na joto hilo.

Khatari iliyo kubwa zaidi, tena isiyoonekana vizuri, ni vumbi. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuwa huleta saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na matundu yaliyo karibu nayo. Mwaka 2004 shirika hilo hilo likaiweka fomaldehaidi katika kundi hilo. Nayo hutumika katika gundi ya mbao nyingi za kubandikwa na za unga ulioshindiliwa, ambazo siku hizi zimejaa madukani mwetu. Na zipo nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki ili zisiliwe na mchwa. Zikichomwa, sehemu ya sumu hiyo hupanda na moshi, na sehemu hubaki katika majivu ambayo mtu asiyejua aweza kuyamwaga shambani. Vitu hivyo visichomwe mtaani hata siku moja, wala visitiwe jikoni. Hapo hatuoni nafasi ya kustahamiliana.

Wapo watakaotuuliza: kwa nini tusijenge mtambo wa umeme wa taka za mbao? Mfano upo. Huko Njombe kampuni ya miwati ijulikanayo kwa jina la TANWAT ilianza mwaka 1995 kuzalisha umeme kwa kuchoma taka za miti, kwa mtambo wa megawati 2.5. Lakini mtambo ule ulijengwa kando ya mashamba makubwa ya miti, si kando ya karakana ndogo ndogo zilizotawanyika mitaani. Tukiiga bila ya kupima, tutakata miti tusiyokuwa nayo ili kulisha mtambo tusiouhitaji. Taka zetu ni chache na ziko mbali mbali. Zinafaa zaidi kwa matumizi ya karibu: mabanzi makavu kwa matanuri ya mikate, unga mkavu kwa majiko yaliyoundwa kwa ajili yake, na maranda safi kwa matandiko ya kuku. Na kila gunia litakalotumika hivyo ni kuni zilizookolewa katika misitu yetu.

Je, Serikali ifanye nini? Kwanza, itumie uwezo wake wa mnunuzi. Madawati ya skuli, milango ya hospitali na samani za ofisi hununuliwa kwa fedha za umma. Zabuni na iseme waziwazi unyevu unaokubalika katika mbao, na mpokeaji wa mzigo awe na kifaa cha kuupima, asikubali kwa macho. Fundi aliyeanika mbao zake kwa subira atapata malipo ya subira yake, na aliyeharakisha atajifunza. Amri za namna hii hazihitaji askari.

Pili, mafundi wapatiwe mahali pa kudumu, penye banda la pamoja la kuanikia na mfumo wa pamoja wa kufyonza vumbi. Mfumo huo si muujiza: feni, mabomba, na pipa refu lenye umbo la pia, ambamo hewa huzungushwa na vumbi likaanguka chini. Wakaguzi wa umeme nao wawafundishe watumiaji kwamba feni ikipunguzwa mwendo kwa sehemu moja katika tano, nguvu inayokula hushuka karibu nusu. Fundi mmoja peke yake hawezi kununua vyote hivyo. Mafundi 20 katika ushirika wanaweza.

Tatu, sheria isimamiwe kwa utaratibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 ipo, na mamlaka yake ipo. Lakini kumtoza faini fundi anayechoma maranda, pasipo kumwonyesha pa kuyapeleka, ni kumfundisha kuyachoma usiku. Kwanza pawekwe vituo vya kukusanyia. Kisha marufuku itangazwe, na ikishatangazwa isimwonee wala kumpendelea mtu.

Tunajua jibu la baadhi ya mafundi: haya yote yanataka mtaji, nao ndio wasiokuwa nao. Kwa mashine za kufyonza vumbi wanasema kweli, na ndiyo maana tumeigeukia Serikali. Kwa mengine hawasemi kweli yote. Kunoa msumeno, kuzima mota, kupanga mbao kwa vijiti, kufunika taka zisilowe mvua, kumpa mwanagenzi kinga ya pua na mdomo, na kuandika uniti katika daftari la skuli, hayo hayasubiri mkopo wa benki. Yanasubiri uamuzi.

Na wasemao kwamba dawa ni kuzihamisha karakana zote nje ya miji, tunawaomba wafikiri tena. Karakana ikihamishwa pamoja na upotevu wake, moshi utakuwa umehamishiwa kwa watu wengine, na yule mwanagenzi ataendelea kuvuta vumbi lile lile, mbali na macho yetu. Useremala ni miongoni mwa kazi zilizovipa visiwa hivi jina duniani. Milango yetu ya kuchonga ni ushahidi. Waliozichonga hawakuwa na tanuri la umeme, lakini waliujua mti, na walijua kungoja ukauke.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa masheha, kwa wakuu wa wilaya na kwa wakubwa wa idara zinazohusika: msingoje malalamiko mengine. Kaeni na mafundi wa mitaa yenu, mpime umeme wanaotumia, taka wanazotupa na vumbi wanalovuta, kisha muanze na lile lililo jepesi. Nanyi mafundi, leo jioni, kabla ya kumpa mwanagenzi kiberiti, lipimeni rundo lile kwa macho ya mwenye mali. Mlilipia mti ule, mkalipia nauli yake, mkalipia umeme wa kuupasua. Hapana sababu ya kuulipia mara ya nne kwa kifua cha mtoto wa jirani.