Reli iling'olewa, baiskeli zikaja: nani anavuna Iowa?

MAGHARIBI mwa jiji la Des Moines, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, kuna njia nyembamba iliyosakafiwa vizuri inayokatiza mashamba ya mahindi na soya kwa kilomita zipatazo 143. Gari haliruhusiwi kupita. Wanaoitumia ni waendesha baiskeli na watembea kwa miguu, wengi wao wakiwa watu wa mjini waliokuja kupumzika. Njia hiyo inaitwa Raccoon River Valley Trail, na sehemu yake kubwa ni mzunguko wa kilomita 116 uliokamilika mwaka 2013, ambao mtu huuanza na kuumalizia mji ule ule bila kupita mahali pamoja mara mbili.

Mkulima yeyote akisikia habari hii atauliza maswali mawili. La kwanza, ardhi hiyo ilikuwa ya nani? La pili, fedha za wageni hao zinaishia mfukoni mwa nani? Majibu ya maswali hayo hayaelekei upande mmoja, na ndiyo sababu njia za aina hii zimefikishana mahakamani huku miji midogo ikizililia.

Chanzo chake ni reli. Katika karne ya 19 kampuni za reli zilijenga vituo vilivyokaribiana, kwa kuwa mkulima mwenye mkokoteni wa farasi alipaswa kufikisha nafaka stesheni na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kila stesheni ikazaa mji wenye ghala la nafaka, kanisa, benki na duka. Malori yalipochukua mzigo, reli ndogo zikaanza kula hasara. Kampuni ya Rock Island ilisimamisha treni zake mwaka 1980, na Milwaukee Road, iliyokuwa imefilisika mwaka 1977, ikaachana na sehemu kubwa ya mtandao wake. Mwaka huo huo wa 1980 ilipitishwa sheria ya Staggers, iliyorahisishia kampuni kufunga njia zisizolipa. Muongo huo ndio pia uliowabana wakulima wa Iowa kwa madeni, wengi wakapoteza mashamba na vijana wakaondoka. Miji ikabaki na ghala, kanisa na majengo matupu.

Kilichosalia ni tuta la reli, na tuta hilo lina sifa mbili ambazo hakuna aliyezifikiria wakati linajengwa. Treni haiwezi kupanda mwinuko mkali, hivyo njia yake ni tambarare kiasi kwamba hata bibi wa miaka 70 huiendesha bila kuhema. Tena vituo vilivyopangwa kwa mwendo wa farasi vimekuja kulingana na njaa ya mwendesha baiskeli: kila baada ya nusu saa au saa moja anaona paa la ghala la nafaka mbele yake, na hapo atataka maji, kivuli na choo.

Tatizo ni hati. Mara nyingi kampuni za reli hazikununua ardhi moja kwa moja kutoka kwa wakulima, bali zilipata haki ya kupita tu. Kwa sheria za majimbo mengi, treni zikikoma haki hiyo hufa na ardhi hurudi kwa mwenye shamba. Wakulima wengi walisubiri siku hiyo ili wasawazishe tuta, waunganishe shamba lililokatwa vipande viwili tangu enzi za babu zao na kupanda mahindi.

Mwaka 1983 Bunge la Marekani likabadilisha sheria. Njia ya reli isiyotumika ikaruhusiwa kuwekwa akiba, yaani kuhesabiwa kuwa bado ni ya reli kwa ajili ya siku za usoni, na wakati huo huo kutumiwa na umma kwa baiskeli. Kisheria, basi, reli haijafa, na ardhi hairudi kwa mwenyewe. Mkulima aliyekuwa amesubiri treni iondoke akapata jirani mpya asiyemwalika.

Kesi ya Preseault kutoka Vermont ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1990. Mahakama ilisema sheria hiyo ni halali, lakini ikaacha mlango wazi kwa mwenye ardhi kuidai serikali kuu fidia. Mlango huo umetumiwa na wamiliki wengi tangu hapo. Mwaka 2014 mahakama hiyo hiyo, kwa kura nane dhidi ya moja, ilimpa ushindi Marvin Brandt wa Wyoming, ambaye njia iliyopita katika ardhi yake haikuwa imewekwa akiba kwa utaratibu huo. Majaji walisema haki ya kupita ilikufa treni zilipoondoka, na serikali haikubakiwa na kitu.

Hapa ndipo hesabu ya kweli ilipo. Fidia hutoka hazina ya serikali kuu baada ya kesi, nayo huchukua miaka. Gharama ya kila siku inabaki shambani: lango la kuvusha mashine ya kuvunia, uzio, mifereji ya kutoa maji, na kuangalia upepo kabla ya kupuliza dawa ya magugu asije akamnyunyizia mtu na watoto wake. Sheria ya Iowa inamtaka anayechukua njia ya reli kwa matumizi mengine abebe wajibu wa uzio, vivuko na mifereji, na sheria nyingine inampunguzia mwenye ardhi lawama ya kisheria anaporuhusu watu kupumzika katika eneo lake bila malipo. Bila kinga hizo mbili, upinzani wa wakulima ungekuwa mkali zaidi, na wangekuwa na haki.

Faida iko mjini. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Lanesboro, katika jimbo jirani la Minnesota, mji wenye watu wapatao 700 tu. Unapitiwa na njia ya lami ya Root River yenye urefu wa kilomita 68, kutoka Fountain hadi Houston, iliyojengwa juu ya reli ya zamani baada ya mabishano marefu na wenye mashamba. Leo nyumba nyingi za kale za mji huo ni gesti ndogo za familia zinazotoa kitanda na kifungua kinywa, na tangu mwaka 1989 upo ukumbi wa maigizo wenye wasanii wa kudumu. Wakulima wa madhehebu ya Amish wa eneo hilo huuza mboga, mikate na vikapu.

Siri ya Lanesboro ni usiku. Mwendesha baiskeli wa siku moja huja na chupa yake ya maji, hununua soda na sambusa yake ya kizungu, kisha anarudi kwenye gari. Anayelala hula mara tatu, hulipia chumba, huona maigizo na hununua kikapu asichokihitaji. Mji wenye njia lakini usio na vitanda unapata vumbi la wapita njia. Si kila mji wa Midwest ulioona baiskeli umetajirika, na viongozi wanaowaahidi wananchi kwamba lami peke yake italeta wateja wanawadanganya.

Chukua njia ya High Trestle, kaskazini mwa Des Moines, yenye kilomita 40. Mwaka 2011 lilifunguliwa daraja lake kati ya Madrid na Woodward, lenye urefu wa karibu mita 800 juu ya mto Des Moines, na fremu za chuma zinazowashwa taa usiku. Watu huenda kuliona daraja lenyewe giza likishaingia. Aliyebuni taa hizo, pengine bila kukusudia, aliwasaidia wenye migahawa kuliko waliojenga lami, kwa kuwa anayesubiri jua lizame lazima ale mahali fulani.

Wapo wanaochanganya njia hizi na RAGBRAI, msafara mkubwa wa baiskeli unaovuka Iowa kila Julai kwa wiki moja, kutoka mto Missouri hadi Mississippi. Ulianzishwa mwaka 1973 na waandishi wawili wa gazeti la Des Moines Register, John Karras na Donald Kaul, na hupita zaidi katika barabara za kawaida za vijijini. Huo ni mnada. Siku msafara unapopita, kanisa linauza pai, mkulima anachoma mahindi na nyama ya nguruwe kando ya shamba lake, na kila kitu kinaisha kabla ya saa nane mchana. Lakini njia ya msafara hubadilika kila mwaka, na mji uliouza leo unaweza kungoja miaka kadhaa. Njia ya kudumu ni soko la kila siku lenye wateja wachache. Mfanyabiashara anayepanga bei za mnada katika soko la kila siku hafiki mwisho wa msimu, na msimu wenyewe ni mfupi: theluji ikianguka, gesti hufungwa.

Kuna mali nyingine kwenye tuta hilo. Iowa ilikuwa nchi ya nyasi ndefu, na leo imebaki chini ya asilimia 0.1 ya nyasi hizo, nyingine zote zimelimwa. Ukanda wa reli haukuwahi kulimwa. Pembeni mwa njia ya Raccoon River bado kuna vipande vya nyasi za asili vinavyochomwa moto kwa utaratibu ili magugu na miti visivimeze, na mgeni kutoka Chicago husimama kupiga picha kile ambacho babu yake mkulima alikiita pori.

Suala la kuweka reli akiba si geni kwa msomaji wa Tanzania. Reli ya Tanga hadi Arusha ililala miaka mingi, kisha treni za mizigo zikarudi hadi Moshi mwaka 2019 na za abiria zikafika Arusha mwaka 2020. Iliwezekana kwa sababu hifadhi ya reli ilibaki mkononi mwa umma, ingawa waliojenga na kulima ndani yake walijua uchungu wa alama ya X nyekundu.

Kwa Iowa na majirani zake, mgogoro unaofuata ni wa matengenezo. Fedha za serikali kuu, zilizoanza kumiminika kwa sheria ya usafiri ya mwaka 1991, hupenda kujenga kuliko kukarabati. Barafu hupasua sakafu kila mwaka na mizizi huiinua. Wisconsin huwatoza waendesha baiskeli wa miaka 16 na zaidi kibali cha siku au cha mwaka katika njia zake nyingi za jimbo. Kwingineko mzigo unaangukia kaunti, ambazo mapato yake makuu ni kodi ya ardhi, na katika kaunti za mashamba sehemu kubwa ya kodi hiyo hulipwa na mwenye mahindi yule yule, asiyeuza hata chupa moja ya maji.