Filamu Isiyo na Muziki Wake

Wako wasomi miongoni mwetu ambao hucheka wasikiapo kwamba kijana wa Ngara au wa Biharamulo ameshangilia kutolewa kwa albamu ya muziki wa filamu ya taharuki. Huuliza: Muziki wa filamu una nini hata usikilizwe peke yake, pasipo picha, pasipo mwimbaji, pasipo maneno? Na kama una kitu, kitu hicho chamhusu nini kijana aliyezaliwa baina ya mto Ruvubu na pori la Burigi? Maswali haya huulizwa kwa dharau, lakini yanastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu ndani yake limejificha jambo zito. Nakusudia kuonyesha kwamba kijana huyo ana haki ya kushangilia. Kwamba aibu ni ya watengenezaji wa filamu zetu wanaozivika muziki wa kuokota. Na kwamba vyuo vyetu vimewafaa watu hao kwa kunyamaza.

Tuanze na furaha yenyewe. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitoa filamu yake Psycho. Alikuwa ameazimia kwamba mauaji ya bafuni yaonyeshwe pasi na muziki. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, hakuridhika. Aliandika muziki wa fidla na jamaa zake tu, bila tarumbeta na bila ngoma, na Hitchcock alipousikia alibadili nia. Tangu hapo wako watu wengi wasioiona filamu hiyo kamwe, walakini fidla zile wanazijua. Basi muziki huo haukutolewa kuwa santuri pamoja na filamu. Sehemu zake zilirekodiwa baadaye, lakini muziki mzima wapenzi wake waliungoja mpaka 1975, mwaka wa mwisho wa maisha ya Herrmann, ndipo yeye mwenyewe aliposimama mbele ya okestra huko Uingereza akaurekodi. Kitu kilichongojewa na watu kwa miaka 15 hakifai kuitwa upuuzi na mtu ambaye hajakisikiliza hata robo saa.

Mwaka huohuo wa 1975 ilitoka filamu ya Jaws, nayo ni habari ya papa mla watu. Mtunzi John Williams alimtambulisha papa huyo kwa sauti mbili tu zinazopokezana, kwanza polepole, kisha kwa haraka. Kwa muda mrefu mtazamaji hamwoni papa. Anasikia zile sauti mbili, naye ajua umbali uliobaki baina ya meno na mguu wa mwogeleaji. Msomi wa fasihi simulizi angepaswa kulitambua jambo hili mara moja, kwa maana ni kanuni ya bibi zetu. Katika ngano za zimwi wimbo huimbwa mara ya kwanza zimwi likiwa mbali, mara ya pili likiwa mtoni, mara ya tatu likiwa mlangoni. Maneno ya wimbo ni yaleyale. Kilichobadilika ni umbali wa hatari. Watoto waliozunguka moto hawasikilizi tena maana, wanahesabu hatua. Hiyo ndiyo taharuki, nayo imejengwa kwa muziki. Kijana aliyelelewa kwa ngano za namna hiyo hahitaji cheti cha kumruhusu kuuelewa muziki wa Williams. Sikio lake lilikwisha kusomeshwa.

Husemwa pia kwamba mwacha asili ni mtumwa, na methali hiyo hutupwa usoni mwa vijana hawa kwa kuwa wanapenda kitu cha ng'ambo. Lakini hebu tutazame safari za vitu vyenyewe. Filamu ya Hatari!, ambayo jina lake ni neno letu, ilipigwa Tanganyika, katika nchi ya Arusha na mbuga zake, ikatolewa mwaka 1962. Muziki wake uliandikwa na Henry Mancini, na albamu yake ikauzwa duniani mwaka uleule. Muziki mmoja uliomo, ule wa matembezi ya mtoto wa tembo, ulimpatia mtunzi tuzo ya Grammy. Wanyama walikuwa wetu, na nchi na jina la filamu vilikuwa vyetu, lakini albamu ilikuwa ya Mancini, naye aliistahili kwa kuwa ndiye aliyekaa akaitunga. Kisa hicho chafundisha kwamba mwenye mandhari si lazima awe mwenye muziki, na kwamba muziki humwendea aliyeufanyia kazi.

Kutoka hapo twaweza kwenda katika vibanda vya kuonyeshea filamu ambavyo watu huviita vibanda umiza. Njia kuu itokayo Lusahunga kwenda Rusumo, ambayo malori huishika kuelekea Rwanda, na miji kama Biharamulo, Nyakanazi, Kabanga na Ngara, yote imevijua vibanda hivyo: benchi za mbao, pazia zito, runinga na vipaza sauti. Humo huonyeshwa filamu za nje zenye sauti ya mfasiri aliyezisimulia kwa Kiswahili, na filamu zetu za nyumbani pia. Aketiye humo kwa makini hugundua ajabu moja. Mfasiri, ambaye hazuiliki kusema, hunyamaza muziki wa hatari unapopanda. Hata yeye anajua kuwa hapo muziki unasimulia vizuri kuliko yeye. Kisha huwekwa filamu ya nyumbani. Mke anafungua mlango usiku, mume hayupo, damu iko sakafuni, na ghafula twasikia muziki tuliousikia saa moja kabla katika filamu ya Marekani! Haukubadilishwa hata kidogo. Umekatwa kama kipande cha kitambaa na kushonwa juu ya nguo nyingine, na mahali pa mshono panaonekana.

Sitaji majina ya filamu, kwa sababu desturi hii ni pana kupita mtu mmoja au wawili, na kila mtazamaji aweza kuijaza orodha mwenyewe. Nataka tu kuweka kipimo kilicho chepesi. Filamu itoe albamu ya muziki wake. Ikiweza, ina muziki. Isipoweza, kwa sababu siku ya kutoa albamu wenyewe wangekuja kudai mali yao, basi filamu hiyo haina muziki, ina kelele za kuazima. Kwa kipimo hiki ile furaha ya mashabiki tunaowacheka inageuka kuwa hukumu. Wanashangilia albamu ya ng'ambo kwa sababu ya nyumbani haipo ya kushangilia. Je, ni wao walioacha asili, au ni yule aliyepewa hadithi ya Ngara akaitilia fidla za Hollywood bila ruhusa?

Watengenezaji wa filamu wana udhuru wao, nao ni fedha. Husema kwamba okestra ni ghali na studio ni ghali, na kwamba filamu inayotengenezwa kwa wiki mbili haiwezi kumngoja mtunzi. Udhuru huu ungekuwa na nguvu kama taharuki ingehitaji watu 80 wenye fidla. Tumekwisha kuona kwamba yahitaji sauti mbili na mtu ajuaye wakati wa kuzipiga. Wala tusiambiwe kwamba huko mbali na miji mikubwa hakuna vyombo vya kurekodia. Radio Kwizera ilianza Ngara mwaka 1995, wakati wilaya ile ilipokuwa imejaa wakimbizi, nayo imetangaza kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda. Kazi ya kunasa sauti ya mtu na kuipeleka mbali si ngeni katika vilima vile.

Na sauti za kunaswa zipo, tena karibu mno. Ng'ambo ya Ruvubu, katika Burundi, iko inanga ya kunong'onezwa. Inanga ni ubao uliochongwa wenye nyuzi chache, na sauti yake ni ya chini, nzito, ya mtetemo. Mwimbaji haimbi kwa koo. Ananong'ona, na nyuzi humpa ile sauti ambayo mnong'ono umeikosa, hata msikilizaji akadhani ubao ndio unaosema. Kaskazini ya Biharamulo, katika Buhaya, iko nanga ya watambaji wa tendi, ambao M. M. Mulokozi aliwaeleza kwa ulimwengu wa wasomi katika makala yake ya mwaka 1983, akiuliza na kujibu kama nao ni wasanii wa utendi. Ngara na Biharamulo zimekaa katikati ya hawa na wale. Namwomba msomaji afikiri: giza, njia ya mgombani, mtu anayekimbia, na mnong'ono mmoja juu ya nyuzi. Ni fidla ngapi zingeweza kutia hofu kuliko hiyo?

Huenda mtu akasema kwamba inanga ya kunong'onezwa ni ya Warundi na nanga ya tendi ni ya Wahaya, kwa hiyo haifai kuziita zetu. Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa damu wa Kirundi na Kinyarwanda, na mpaka uliochorwa na wakoloni haukukata masikio ya watu. Na ikiwa mfano wa leo unatakiwa, upo Rusumo, ambapo maji ya Kagera yanatoa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kama nchi tatu zimeweza kukubaliana juu ya maporomoko, mtunzi wa Ngara na mpiga inanga wa ng'ambo wanaweza kukubaliana juu ya ujira na jina, maadamu jina liandikwe na ujira ulipwe.

Nalisisitiza sharti hili kwa sababu wizi huenda pande zote mbili. Mwaka 1967 ngoma za Burundi zilirekodiwa kwa ajili ya Ocora, kampuni ya santuri ya Ufaransa, na katika sahani hiyohiyo mna inanga ya kunong'onezwa. Mwaka 1971 ngoma zile zilitiwa piano na gitaa huko Ulaya, zikauzwa kwa jina la Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell alizitia katika wimbo wake mmoja, na kufikia mwaka 1980 mapigo yake yalikuwa yanachezwa na vijana wa London katika muziki wa Adam and the Ants. Mashabiki walishangilia, lakini wapigaji wa vilima vya Burundi hawakuwamo katika karamu ile. Atakayelilaumu jambo hilo, nami nalilaumu, hana budi kulilaumu pia la mtengenezaji wetu anayemchukulia Herrmann au Williams kazi yake. Haki haina kabila. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, nayo inalinda kazi ya mtunzi pamoja na sanaa za jadi. Anayetaka tulindwe kwayo na aitii kwanza.

Iko njia nyingine, na wengine wamekwisha kuipita. Ludwig Göransson alipopewa kazi ya filamu ya Black Panther, iliyotoka mwaka 2018, alisafiri Senegal akafuatana na Baaba Maal na wanamuziki wake, akaenda pia kusikiliza hazina ya maktaba ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey huko Afrika Kusini. Albamu ilitoka, na mwaka 2019 mtunzi akapata tuzo ya Oscar. Yeye alitoka mbali akaja kusoma. Mtunzi wa Kagera angehitaji nauli ya basi tu.

Basi hapa vyuo vyetu havina pa kujificha. Twafundisha taharuki katika riwaya na katika tamthilia, twaitungia maswali ya mtihani. Filamu nazo sasa zimeingia darasani. Amil Shivji ameitoa Vuta N'Kuvute ya Adam Shafi kutoka kitabuni na kuileta katika filamu mwaka 2021, na taarabu imo ndani ya hadithi yenyewe, si pambo la nje. Lakini mwanafunzi akiandika tasnifu juu ya filamu huhesabu wahusika, dhamira na mandhari, akaupita muziki kana kwamba ni mlio wa feni. Kisha tunashangaa kwamba mtengenezaji wa filamu hauthamini! Atauthaminije kitu ambacho wenye shahada hawakukitaja?

Nataka mambo matatu, nayo si makubwa. Filamu yoyote inayotaka kuitwa yetu na iwe na mtunzi wa muziki mwenye jina, nalo liandikwe pale linapoandikwa jina la mwigizaji mkuu. Muziki huo na utolewe peke yake, hata kama ni vipande sita vya inanga na ngoma moja, ili anayeupenda aununue na aliyeupiga alipwe. Na idara za Kiswahili na za sanaa ziwapeleke wanafunzi wao Rulenge, Nyakahura na Kabanga wakarekodi nyimbo za ngano na vyombo vya wazee, kwa ruhusa yao na kwa majina yao, maadamu wazee wangalipo. Maana mpiga nanga akifa pasipo mwanafunzi, hakuna kitabu kitakachotuambia kidole chake kilisubiri muda gani kabla ya kugusa uzi wa mwisho.

Hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kumwuliza kijana wa Ngara au wa Biharamulo kwa nini anasikiliza muziki wa wengine. Kwa sasa swali hilo si lake kulijibu, na wanaomcheka wangefanya vema kunyamaza mpaka wamempa cha nyumbani cha kukingojea.