Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi: Reli ya Kasi Iwe ya Abiria Kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Karavia, hapa Lubumbashi, kukuarifu kwamba mama yangu mzazi amezikwa Kolwezi nami, mwanawe wa kwanza, sikuwapo kaburini. Habari ya msiba iliponifikia alfajiri, nilitafuta gari la moshi nikaambiwa halipo. Nikapanda basi la shirika moja nisilopenda kulitaja, na lilipokwisha kupita Likasi likakwama nyuma ya msururu wa malori ya madini usioonekana mwisho wake, mpaka jua likatua. Nilipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa na wazee wameshanawa mikono. Ni kilomita 300 hivi tu, Mheshimiwa, na kwa ajili ya hizo sikumzika mama yangu.

Huwezi kuniambia kwamba reli ni jambo geni kwetu. Ilifika mji huu kutoka kusini mwaka 1910, ikafika Bukama mwaka 1918 na Ilebo mwaka 1928. Na tangu mwaka 1952, katika kipande cha Likasi, iliyoitwa Jadotville zama hizo, hadi Tenke, magari yalianza kuendeshwa kwa umeme, ilhali mataifa mengi yenye nguvu yalikuwa bado yakichoma makaa. Babu zetu ndio waliotandika mataruma yale, na wajukuu wao leo hawafiki mazikoni.

Sasa inanenwa habari ya njia ya reli iendayo bandari ya Lobito. Upande wa Angola mkataba wa kuiendesha kwa miaka 30 umekwisha kutolewa tangu mwaka 2022, na mwezi wa Desemba 2024 Rais Joe Biden wa Marekani alikwenda Lobito mwenyewe. Hotuba nilizozisikiliza zimejaa tani za shaba na kobalti. Abiria sikumsikia akitajwa ila kwa nadra. Nakusihi, na katika kusihi huku mna ghadhabu nisiyoweza kuificha: mipango ya reli iendayo kasi baina ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi isianzie kwenye jiwe.

Jirani zetu wa Tanzania wameonyesha kwamba yawezekana. Tangu mwaka 2024 treni yao ya umeme, yenye kasi ifikayo kilomita 160 kwa saa, huwachukua watu kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda usiotimia saa 4, na njia hiyo ni ndefu kuliko yetu. Najua kwamba reli yetu ya upana wa milimita 1067, pamoja na kona zake, haistahimili mwendo huo; yatakiwa njia mpya na umeme usiokatika. Haya ni mambo ya wahandisi na ya fedha, nayo yana ufumbuzi. Ila stesheni zijengwe mijini, zisiwe kama Syokimau na Miritini kule Kenya, ambako msafiri ateremkapo huanza safari nyingine ya kuingia Nairobi au Mombasa. Kwa treni kama ile ya Tanzania ningalifika Kolwezi kabla ya adhuhuri. Ningalimzika mama yangu.

Wachuuzi hupoteza mali zao barabarani, na wagonjwa hupoteza zaidi ya mali. Mwezi wa Machi 2022, huko Buyofwe katika wilaya ya Lubudi, treni ya mizigo iliyokuwa imedandiwa na watu ilianguka, wakafa zaidi ya 60. Mtu hapandi juu ya mizigo ila amekosa behewa la kuketi. Dola iwezayo kupima kila gunia la madini livukalo mpaka wa Kasumbalesa, na isiyowawekea raia wake kiti, imekhini amana yake, wala hiyo si taksiri ya wizara moja: ni mwendo wa watawala wa tangu enzi za wakoloni, ambao kwao Katanga ni shimo la kuchimbwa.

Kwa hiyo nataka jibu la maandishi, lichapishwe mahali pa wazi: je, katika mpango wowote wa reli utakaotiwa sahihi yako, treni ya abiria ya kila siku itakuwa sharti la mkataba, yenye saa na nauli zilizotangazwa, au itaachiwa hisani ya wenye mizigo? Pasipo sharti hilo, usitie sahihi.

Wako kwa haki ya uraia,
Mkazi wa Karavia, Lubumbashi