Jicho linalotoa machozi bila kilio

Hapa Mutoshi jicho likitoa machozi tunasema ni vumbi. Na kweli, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, makamyo yakipita, nani hapanguse macho? Lakini vumbi linasumbua macho yote mawili, na mvua ikinyesha linatulia. Juma hili tunasema juu ya jicho lingine: moja tu, linalotiririka asubuhi mpaka jioni, hata ndani ya nyumba, hata wakati wa mvua. Mama mmoja wa kundi letu analo. Sokoni wanamuuliza kila siku nani amekufa kwake.

Machozi yana njia ya kuingilia na njia ya kutokea. Yanatengenezwa juu ya jicho, upande wa nje. Yakiisha kulisafisha jicho, yanaingia katika vitundu viwili vilivyo kwenye pembe karibu na pua, kimoja kope la juu, kimoja la chini. Vuteni kope la chini polepole mbele ya kioo, mtakiona, kidogo kama ncha ya sindano. (Tukifundisha hayo darasani, watoto wote wanaanza kuvutana kope.) Kutoka pale yanafika katika kifuko kidogo, halafu yanashuka kwa mrija mpaka ndani ya pua. Ndiyo maana mtu akilia, makamasi yanatoka pia. Na dawa ukiitia jichoni, unasikia uchungu wake kooni.

Mrija ukiziba, machozi yanamwagika shavuni, kama mfereji wa lupango uliojaa taka. Kwa mtoto mchanga, mara nyingi unafunguka wenyewe kabla hajatimiza mwaka. Kwa mtu mzima si hivyo. Tena ugonjwa huu unatupata sisi wanawake kuliko wanaume, zaidi baada ya miaka 40, kwa kuwa mrija wetu ni mwembamba. Ugonjwa wa pua wa siku nyingi au pua iliyovunjika vinaweza kuuziba pia. Mara chache ni uvimbe mbaya: machozi yakiwa na damu, msingoje hata juma moja.

Msingoje pia pembe ya jicho ikivimba kando ya pua, ikawa nyekundu na kuuma. Machozi yaliyosimama yameingiwa na vijidudu ndani ya kifuko. Hapo munganga anatoa antibiotiki. Msikamue, msitumbue.

Kuna matone hapa sokoni yanayouzwa kwa kila jicho. Hakuna tone linalozibua mrija wa mtu mzima. Yale yenye kortizoni, yakitumiwa bila munganga, yanaweza kupandisha mkazo ndani ya jicho na kuharibu kuona. Maji ya ndimu na mkojo vinachoma jicho, na mrija unabaki vilevile.

Kipimo chenyewe ni kifupi. Munganga wa macho anatia maji safi yenye chumvi katika kile kitundu, kwa sindano butu. Yakifika kooni, njia iko wazi. Yakirudi nje, imeziba. Kipimo ni cha lazima, kwa sababu jicho linaweza kutiririka pia kwa kope iliyogeukia ndani, au hata kwa ukavu: jicho kavu linawasha, na likiwasha linamwaga machozi.

Kama mrija umeziba kabisa, dawa ni kupasuliwa. Munganga wa Italia, Addeo Toti, alieleza namna hiyo mwaka 1904: wanatoboa mfupa mwembamba ulio kati ya kifuko na pua, machozi yapate njia mpya. Leo wengine wanapitia ndani ya pua, bila kukata ngozi.

Anzeni kwa kituo cha afya cha karibu, muombe barua ya kwenda Mwangeji, na ikilazimu Lubumbashi, kama kilomita 300. Ni feza, tunajua. Makundi yenye likelemba yanaweza kumpa mgonjwa zamu yake mbele. Mwezi uliopita kundi letu lilifanya hivyo kwa yule mama.

Na kama nyumbani kuna mama mzee anayengoja kupasuliwa katarakte, na jicho lake linatiririka au linatoa usaha, mwambieni munganga kabla ya siku ile. Vijidudu vya kifuko vikiingia ndani ya jicho lililopasuliwa, vinaweza kuliua.